Sura ya Sita: Kaa Tu, Bibi

Mzee anapotaka kuinuka kitini, mtazame mikono. Mwenye miguu imara haihitaji: anavuta nyayo nyuma kidogo, anainamisha kifua mbele, na mara amesimama, pengine huku anaendelea na mazungumzo yake. Yule ambaye mapaja yameanza kumwishia nguvu hutafuta pa kushika. Kwanza ni magoti yake mwenyewe, anayasukuma kwa viganja. Baadaye ni mikono ya kiti, kisha meza, ukuta, bega la mjukuu. Hubembea mara moja, mara mbili, ndipo anajirusha mbele na kusimama, huku akisema "Ya Rabi" au "Yesu wangu". Kuketi nako kunasema mengi. Haketi, anadondoka, kwa sababu misuli inayomshusha mtu polepole ni ileile ya mbele ya paja inayompandisha.

Karibu kila familia imeyaona haya, na karibu hakuna iliyoyapeleka hospitali. Tunasema ni uzee, tunaongeza mto kitini, maisha yanaendelea.

Madaktari wa wazee wamekifanya kiti kuwa kipimo. Kiti kigumu kinaegemezwa ukutani, mtu anakunja mikono kifuani, anainuka na kuketi mara 5 mfululizo huku saa inahesabu. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019 uliweka mpaka kwenye sekunde 15. Anayezidisha hapo ana sababu ya kuchunguzwa. Mwongozo huohuo unapima pia nguvu ya mshiko wa kiganja: chini ya kilo 27 kwa mwanamume na kilo 16 kwa mwanamke ni dalili mbaya. Kifaa cha kupimia mshiko si rahisi kukikuta kwenye zahanati ya kijijini, lakini kiti kipo kila nyumba, na saa ipo kwenye simu.

Hali yenyewe inaitwa sarkopenia. Jina hilo lilipendekezwa na Irwin Rosenberg, daktari wa lishe wa Marekani, baada ya mkutano uliofanyika Albuquerque mwaka 1988, na ilichukua hadi 2016 kabla ya Marekani kuipa namba katika orodha yake ya magonjwa. Kwa hiyo tusijilaumu sana kwa kuiita uzee. Hata waganga wenyewe walikuwa wakiitazama hivyohivyo hadi juzi.

Nini hasa kinapotea? Mwaka huohuo wa 1988, Jan Lexell na wenzake huko Sweden walichapisha kazi ya uvumilivu mkubwa. Walichukua msuli mzima wa upande wa nje wa paja kutoka kwenye miili ya wanaume 43 waliokuwa na afya kabla ya kufariki, wa umri wa miaka 15 hadi 83, wakaukata vipande vyembamba na kuhesabu nyuzi. Waliona kwamba msuli huanza kupungua mapema kuliko tunavyodhani, tangu miaka 25 hivi, polepole mno kiasi kwamba mwenyewe hatambui. Kisha kasi inaongezeka. Mtu akifika miaka 80, karibu asilimia 40 ya msuli ule imekwenda. Sehemu kubwa ya upungufu ilitokana na nyuzi zilizokufa kabisa, na zilizobaki, hasa zile za mwendo wa haraka, zilikuwa zimesinyaa.

Chanzo kimoja kiko mbali na paja lenyewe. Kila kundi la nyuzi za msuli hupokea amri kutoka kwa seli moja ya neva iliyo katika uti wa mgongo, na baada ya miaka 60 hivi seli hizo hupungua kwa kasi. Nyuzi zilizofiwa zina mambo mawili mbele yao: seli ya karibu izichukue, kama jirani anavyowachukua watoto wa marehemu na kuwalea pamoja na wake, au zikose wa kuziamuru na zife. Hiyo seli iliyolea ya wenzake hufanya kazi kweli, lakini sasa ina wengi. Amri zake zinakuwa za jumla jumla, mwendo unapoteza wepesi, na nyuzi nyingi zilizokuwa za haraka zinageuka kuwa za taratibu.

Haraka hiyo ndiyo inayookoa meno na nyonga. Mtu akijikwaa kwenye kizingiti, mguu wa pili una muda usiofika sekunde moja kuwahi mbele na kuubeba mwili. Kijana hujikwaa, akatukana kidogo, akaendelea. Mzee ambaye nyuzi zake za haraka zimekwisha anaujua wajibu wa mguu wake, ila mguu unafika akiwa tayari chini. Watu husema alianguka kwa sababu macho yameharibika au sakafu ilikuwa na maji, na mara nyingine ni kweli, lakini wengi waliokanyaga sakafu ileile siku ile walirudi kwao salama.

Kuna jambo jingine linalotuchanganya hapa kwetu, nalo ni unene. Mzee akiwa mnene tunamshukuru Mungu, tunasema watoto wanamtunza. Mafuta yana tabia ya kujaza nafasi iliyoachwa na msuli, hata ndani ya msuli wenyewe, kwa hiyo paja linaweza kubaki na mzunguko uleule wa miaka 20 iliyopita huku nguvu zikiwa zimekwisha. Utafiti wa Marekani ujulikanao kama Health ABC uliwafuata watu 1,880, waliokuwa katika miaka ya sabini ulipoanza, kwa miaka 3. Nyama ya miguu ilipungua kwa takriban asilimia 1 kwa mwaka, lakini nguvu ilipungua karibu mara tatu ya kiwango hicho. Hata wale ambao nyama yao haikupungua walipoteza nguvu. Mizani ya duka la dawa, basi, haitakuambia kitu. Kiti kitakuambia.

Swali lililonifanya niandike sura hii ni kama hayo yote ni kazi ya miaka, au miaka inasingiziwa.

Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya watu 12 wenye afya, wastani wa miaka 67, waliokubali kulala kitandani siku 10 bila kufanya chochote. Hawakuwa wagonjwa, walikula vizuri, hawakuwa na homa wala kidonda. Walipoinuka, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo 1 ya nyama, na nguvu ya mapaja ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 15. Kwa siku 10! Rudi kwenye takwimu za Health ABC uone ni miaka mingapi ya kawaida imelipwa pale kitandani.

Mfano wa pili ni wa zamani na unahusu moyo na pumzi zaidi ya misuli, lakini siwezi kuuacha. Mwaka 1966 huko Dallas, vijana 5 wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki 3, kisha wakapimwa uwezo wa mwili wao kutumia oksijeni. Miaka 30 baadaye wanaume walewale walitafutwa na kupimwa tena. Wiki zile 3 za kulala zilikuwa zimeudhuru uwezo wao kuliko miaka 30 ya kuishi. Na walipopewa miezi 6 ya mazoezi wakiwa na miaka hamsini na ushee, walirudi walipokuwa ujanani kabla ya kulazwa.

Miaka, kwa hiyo, ina sehemu yake, na sehemu hiyo haina mjadala: seli ya neva iliyokufa haifufuki. Ila juu ya sehemu hiyo kuna nyingine kubwa ya kukaa, na katika nyumba zetu kukaa kuna jina zuri. Kunaitwa heshima.

Utayasikia mazungumzo yake katika nyumba yoyote kati ya Mombasa na Mtwara, na hata Nairobi na Mwanza. Bibi amechukua ndoo atoke nayo bombani. Mjukuu anakimbia: "Bibi, shikamoo, lete hiyo!" "Marahaba mwanangu, niache, si nzito." "Hapana Bibi, watu watatuonaje? Kaa tu." Mama anatoka jikoni na kuunga mkono, "Mama kaa bwana, umeshafanya kazi ya kutosha duniani." Bibi anakaa. Kesho hachukui ndoo. Mwezi ujao anaambiwa asikune nazi, kuna mashine sokoni, ingawa kibao cha mbuzi kilikuwa kinamlazimu kuketi chini karibu na ardhi na kuinuka tena. Halafu analetewa chakula chumbani. Watu wa mtaa wanawasifu watoto kwa kumtunza mama yao, na wanastahili sifa, kwa maana wanampenda. Baada ya miaka 3 wanashangaa mbona miguu imeisha.

Sisemi wazee wetu wabebeshwe magunia. Kuna mwanamke wa miaka 75 ambaye hana wa kumsaidia na anachota maji kilomita 2 kila siku, na huyo anahitaji bomba, hahitaji sura ya kitabu. Nasema juu ya yule mwenye watoto sita wenye upendo na msichana wa kazi.

Hata samani zimechangia. Mkeka umeondoka sebuleni, kochi limeingia. Choo cha kuchuchumaa kimebadilishwa kuwa cha kukaa. Misikitini, pembeni mwa safu, viti vya plastiki vinaongezeka mwaka hadi mwaka. Ruhusa ya kuswali kitini ipo kwa asiyeweza, na mwenye goti lililoharibika asiguswe na maneno yangu. Lakini fanya hesabu. Swala 5 za faradhi zina rakaa 17. Katika hizo, mwenye kuswali kwa kusimama huinuka kutoka chini hadi wima mara 12 kwa siku, ukiacha kule kunyanyuka baada ya salamu, na ukiacha sunna zote. Mtu aliyefanya hivyo tangu utotoni amekuwa akiyafundisha mapaja yake bila kujua. Anayehamia kitini kwa sababu tu magoti "yanachoka" anaziacha mara zote 12 kwa mkupuo mmoja.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wametusaidia kulielewa hili vizuri zaidi. Timu ya David Raichlen iliwavisha watu wazima 28 vifaa vya kupima mienendo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yaliwashangaza waliodhani wawindaji hawatulii. Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, karibu sawa na watu wa nchi za viwanda. Tofauti ni namna ya kupumzika. Sehemu ya muda huo wanachuchumaa au kupiga magoti, na vipimo vya umeme wa misuli vilionyesha kwamba kuchuchumaa kunaiweka miguu kazini kuliko kukaa kitini. Saa ni zilezile, na mapaja hayalali.

Sasa twende Boston. Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake walichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani jaribio dogo lililogeuza mawazo ya watu wengi. Walikwenda katika nyumba ya kulelea wazee, wakapata watu 10 wa kujitolea. Mdogo wao alikuwa na miaka 86, mkubwa 96. Walikuwa dhaifu kama unavyotarajia: magonjwa sugu mengi, fimbo, historia za kuanguka. Kwa umri huo desturi ilikuwa ni kuwachezesha mikono wakiwa wameketi, labda na mpira laini na muziki.

Fiatarone aliwapa vyuma. Kwanza kila mmoja alipimwa uzito mkubwa kabisa ambao mguu wake unaweza kuuinua mara moja. Wiki ya kwanza walifanya kwa nusu ya uzito huo. Kuanzia ya pili wakapandishwa hadi asilimia 80. Mazoezi yalikuwa siku 3 kwa wiki, seti 3 za mara 8, kila mkunjuo ukifanywa polepole, sekunde 6 hadi 9 kupanda na kushuka. Kila baada ya wiki 2 walipimwa upya na uzito ukaongezwa, kwa sababu mguu uliozoea hauna haja ya kubadilika. Hiyo ndiyo siri yote ya mazoezi ya nguvu, na inashangaza ni mara ngapi inasahauliwa: uzito lazima ukue pamoja na mtu.

Baada ya wiki 8 nguvu ya mapaja ilikuwa imeongezeka kwa wastani wa asilimia 174, karibu mara tatu ya walipoanzia. Msuli wenyewe, ulipopigwa picha, ulikuwa umekua kwa asilimia 9. Linganisha namba hizo mbili. Nguvu imeongezeka kupita ukubwa, maana sehemu kubwa ya kinachorudi mwanzoni ni mishipa ya fahamu kujifunza tena kuita nyuzi zilizokuwepo siku zote. Watu 2 waliacha kutumia fimbo. Mmoja kati ya 3 ambao hawakuweza kuinuka kitini bila mikono, sasa aliweza.

Kisha wakaacha. Baada ya wiki 4 tu za kurudi kwenye viti vyao, asilimia 32 ya nguvu ilikuwa imepotea.

Watu 10 ni wachache, na Fiatarone alilijua hilo. Mwaka 1994 alitoa jaribio la pili, safari hii watu 100, wastani wa miaka 87, na matokeo yalikwenda upande uleule: nguvu juu kwa asilimia 113 ndani ya wiki 10, mwendo wa kutembea na kupanda ngazi ukaboreka. Katika jaribio hili aliongeza swali ambalo linatuhusu sana. Baadhi ya wazee walipewa kinywaji chenye virutubisho kila siku, wengine mazoezi, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa hata kimoja. Kinywaji peke yake hakikuondoa udhaifu. Waliokunywa bila kufanya mazoezi hawakuongeza hata jumla ya chakula walichokula kwa siku, kwa kuwa kinywaji kilichukua nafasi ya sahani. Nawaona watoto wetu walioko Muscat na London wakituma makopo ya unga wa protini kwa mama zao, na sitaki kuwavunja moyo, lakini kopo likifika bila mtu wa kumwinua mama kitini, limefika nusu.

"Lakini mimi natembea kila asubuhi." Hili ndilo jibu la kawaida, na ni jibu la mtu anayefanya vizuri. Kutembea kunafaa moyo, presha, sukari na usingizi. Klabu za jogging zinazojaza barabara za Dar es Salaam Jumapili alfajiri zimefanya kazi ambayo wizara yoyote ingejivunia. Ila mwendo wa tambarare hauubebeshi mguu mzigo ambao haujauzoea, na hauzigusi sana nyuzi za haraka, zile zinazotangulia kutoweka. Mzee anaweza kutembea kilomita 4 kila siku na bado ashindwe kutoka kwenye kochi la chini. Jibu kama hilo hutoka pia kwa mkulima: nimeshika jembe miaka 50, mazoezi gani tena? Jembe limemjenga kweli, na pengine ndilo lililomfikisha alipo. Lakini uzito wa jembe ni uleule tangu akiwa na miaka 15, na siku atakapoliacha, mwili hautunzi akiba kwa ajili ya sifa za zamani.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linataka mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki kwa kila mtu mzima, na kwa wenye miaka 65 na kuendelea, mazoezi ya nguvu pamoja na ya kujimudu wima siku 3 au zaidi. Sehemu ya kutembea watu wanaijua. Hii nyingine haisomwi.

Vyuma si lazima viwe vya jimu. Maji yana fadhila moja kubwa, kwamba lita 1 ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo dumu ni uzito unaopimika. Kijana wa mtaani mwenye jimu ya uani anayamiminia zege makopo ya rangi. Bibi yake anaweza kutumia dumu la lita 5 na kikombe. Aanze na kiti chenyewe. Kiti kiwe ukutani kisiteleze, miguu isiwe kwenye kandambili. Ainuke na kuketi mara 8 bila mikono, akihesabu "moja, mbili, tatu" wakati wa kushuka. Akishindwa, aweke mito 2 juu ya kiti, maana kiti kirefu ni kiti chepesi, na baada ya wiki chache aondoe mmoja. Akiweza mara 12 bila kuhema, mzigo umekuwa mdogo: ashike dumu lenye lita 2 kifuani kama anavyompakata mtoto. Wiki ijayo kikombe kingine. Kikombe cha robo lita ni gramu 250, na ni jimu chache mjini zenye chuma kinachopanda kwa hatua ndogo namna hiyo.

Paja likishapata, shavu la mguu nalo litafutiwe mazoezi yake: kusimama nyuma ya kiti, kushika egemeo, kupanda kwa ncha za vidole na kushuka taratibu. Kubeba madumu 2, moja kila mkono, na kutembea nayo ukumbini kunafundisha mshiko, mgongo na nyonga kwa pamoja. Ukishajua mzigo wako, jaribu kuinuka kwa haraka na kushuka polepole, kwani ile haraka ndiyo tunayoitafuta. Siku 2 au 3 kwa wiki zinatosha, na kati yake siku ya kupumzika.

Mshiko nimeutaja mara mbili, kwa hiyo niseme neno juu yake. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa watu 139,691 katika nchi 17, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwamo. Kwa kila kilo 5 ambazo mshiko ulikuwa pungufu, hatari ya kufa kwa sababu yoyote ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 16, na mshiko ulitabiri kifo vizuri kuliko kipimo cha presha. Watu wakisoma hayo hukimbilia kununua mpira wa kuminya. Mpira hautaongeza umri. Kiganja kinatoa tu habari za mwili mzima, na habari hubadilika mwili ukibadilika.

Hofu zipo, nyingine za haki. Mwenye presha isiyodhibitiwa, maumivu ya kifua, kizunguzungu, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, amwone daktari kwanza. Mwenye presha inayotibiwa anaruhusiwa kwa kawaida, ila asibane pumzi wakati wa kuinua. Ahesabu kwa sauti, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana. Misuli kuuma siku ya pili ni kawaida. Kiungo kuvimba, au maumivu ya kuchoma ndani ya goti, si kawaida. Goti lenye uchakavu, kinyume na inavyodhaniwa, mara nyingi hupata nafuu paja linapopata nguvu.

Chakula nacho kiwepo, maana msuli haujengwi kwa uji mtupu. Kundi la wataalamu wa lishe ya wazee lilipendekeza mwaka 2013 gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, juu ya ile 0.8 ya mtu mzima wa kawaida. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai lina 6 hivi, glasi ya maziwa 8. Mpangie sasa yule anayekunywa chai ya rangi na mkate asubuhi, ugali na mchicha mchana, uji usiku, kwa kisingizio cha meno. Dagaa waliosagwa wakachanganywa kwenye uji hawahitaji meno. Maharage yaliyopondwa, kunde, mtindi, samaki wa kuchemsha, vyote ni vya mtu asiye na meno. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye anayepaswa kuuliza kwanza kabla ya kuongeza. Dawa ya vidonge iliyoidhinishwa kwa sarkopenia haipo hadi naandika ukurasa huu, na anayekuuzia chupa sokoni ajiridhishe mwenyewe kwanza.

Kule Korogocho, Nairobi, wako kina shosho ambao wamekuwa wakifanya mazoezi ya kujihami, mateke na viwiko, kwa sababu ya kusikitisha kabisa: kujikinga na wabakaji. Hawakuanza kwa ajili ya sarkopenia na sidhani kama kuna anayewapima mapaja. Nawataja kwa kuwa ukiwaona bibi hao wakipiga mfuko huku wakipiga kelele, lile wazo kwamba mwanamke mzee wa Kiafrika ataona aibu kufanya mazoezi mbele za watu linakufa hapohapo. Kundi pia linatibu lile tatizo la wiki 4 za Boston. Mtu peke yake huacha msiba ukitokea au mvua ikinyesha. Wenye kikundi huja kutazamwa kama wamefika.

Na kwa anayeanza mapema faida inakaa. Huko Copenhagen watu 451 waliokaribia au kufikia umri wa kustaafu waligawanywa makundi 3 kwa mwaka mmoja: vyuma vizito mara 3 kwa wiki, mazoezi ya wastani, na kuendelea kama kawaida. Waliporudi kupimwa miaka 4 tangu jaribio lianze, wakiwa na wastani wa miaka 71, waliobeba vizito bado walikuwa na nguvu ya miguu waliyoanza nayo. Makundi mengine yote mawili yalikuwa yameshuka.

Nimalizie na wodi, kwani ndiko "kaa tu" inakogeuka "lala tu". Mzee anaingia na nimonia akitembea, anatoka baada ya siku 10 nimonia imepona, akiwa amebebwa. Ndugu wanaokuja saa ya kuwaona wagonjwa huleta matunda, huomba dua, humfunika shuka vizuri na kumzuia asijisumbue. Siku ya kwanza muulize daktari au muuguzi maswali 3. Anaruhusiwa kuketi kitini wakati wa kula? Anaruhusiwa kutembea hadi chooni akishikwa mkono, badala ya kuletewa chombo? Kuna mtaalamu wa viungo hapa, na anapita siku gani? Mara nyingi majibu ni ndiyo, ndiyo, na Jumatano. Manesi ni wachache na wagonjwa ni wengi, kwa hiyo wa kumshika huo mkono utakuwa wewe. Nenda na viatu vyake vya kufunga, kandambili za wodini zinateleza.